Kujifunza kuchora mistari ya mkono kwenye matangi ya pikipiki, Mbeya

Mstari mwembamba unaochorwa kwa mkono kwenye tangi la pikipiki huamuliwa kabla brashi haijagusa bati. Huamuliwa kwenye kipande cha kadi ambacho mchoraji amekishika kwa mkono wa kushoto, pale anapoivuta brashi mbele na nyuma hadi rangi, tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) na nywele za brashi zikubaliane. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu watu wengi wanaonikuta nikifanya mazoezi pale Mwanjelwa huniambia kwamba nimejaliwa mkono mtulivu, na wengine huondoka wakiamini kuwa wao hawataweza kwa sababu mikono yao hutetemeka. Mkono wa kila mtu hutetemeka kidogo. Kinachotenganisha mstari safi na mstari uliochanika kingo ni hali ya rangi, na hali hiyo mtu hufundishika kuitambua. Lakini sisi tunaoishi nyanda za juu kusini inatubidi tujifunze kuitambua hapahapa, katika baridi yetu na upepo wetu, kwa kuwa vipimo vya mtu anayefanya kazi California au Chennai havitufai vyote kama vilivyo.

Kazi yangu ya kila siku ni kupuliza rangi. Tunapokea pikipiki zilizoanguka, matangi yaliyobonyea na madigadi yaliyoliwa na kutu, tunanyoosha, tunapiga msasa, kisha tunapuliza rangi upya. Pambo lililokuwa likifuata baada ya hapo lilikuwa stika, na dereva wa bodaboda aliinunua mwenyewe sokoni na kuibandika mwenyewe. Stika ina uzuri wake siku ya kwanza. Baada ya muda mfupi wa kuoshwa kwa mashine yenye presha kali, kingo zake huanza kukunjamana, vumbi huingia chini yake, na kinachobaki ni nusu ya herufi na alama ya gundi isiyotoka. Mimi nilitaka pambo linaloshikamana na rangi ya tangi lenyewe, ambalo likikwaruzwa hurekebishwa palepale lilipokwaruzwa bila kubanduliwa lote.

Mistari ya namna hiyo si ngeni kwetu. Waliokua na baiskeli nyeusi za Raleigh nyumbani wanaikumbuka mistari ya rangi ya dhahabu iliyofuata mkunjo wa madigadi. Kwenye pikipiki ni jambo la zamani vilevile: BMW ilipoonyesha pikipiki yake ya kwanza, R 32, mwaka 1923 huko Berlin, tangi lake lilikuwa jeusi lenye mistari myeupe, na hadi leo katika kiwanda chao cha Spandau wapo wafanyakazi wanaochora mistari ya baadhi ya matoleo kwa brashi. Matangi ya Royal Enfield Bullet yamekuwa yakichorwa mistari kwa mkono huko Chennai, nchini India, katika kiwanda kinachotoa pikipiki kwa wingi mno. Kwa hiyo anayesema kwamba kazi ya mkono ni ya polepole mno kuweza kulisha familia anapaswa kuitazama Chennai kwanza.

Mwalimu wangu ni mzee ambaye kwa miaka mingi ameandika vibao vya maduka na bodi za malori yanayopita barabara kuu ya kwenda Tunduma. Kazi hiyo imepungua sana tangu mabango ya kuchapwa kwa mashine yalipoenea, na nilipomwendea nilimkuta akipaka rangi viti vya chuma vya mgahawa. Nilimsalimu, akaniitikia, akaniuliza tangi nililobeba nataka aliandike nini.

“Sitaki maandishi, mzee wangu. Nataka unifundishe kupiga mstari.”

“Mstari mtupu? Huo ndio mgumu, mwanangu. Herufi ikipinda kidogo jicho huisamehe. Mstari hausamehewi.”

Siku hiyo tangi halikuguswa. Alichukua ganda la kalenda ya zamani, upande unaong'aa, akamimina juu yake rangi kidogo isiyozidi kijiko cha chai, akadondosha tina pembeni yake, akanipa brashi. Nilitakiwa kuichovya katika tina, kuipitisha kwenye rangi, kisha kuivuta juu ya kadi, upande mmoja halafu upande wa pili, ikiwa imelala. Mwanzoni brashi iliteleza bila kushika chochote na rangi ikaacha unyevu mwepesi uliosambaa wenyewe. Nikaendelea kuvuta. Tina ilipoanza kupaa, brashi nayo ilianza kuvutwa nyuma kidogo, kwa nguvu ndogo sana ambayo ncha ya kidole gumba pekee ndiyo inayoihisi. “Hapo,” akasema. Nilipoendelea kuvuta baada ya hapo, rangi iligeuka nzito, ikaanza kukatika na kuacha nyuzi. Mahali pazuri pa kuanzia mstari ni katikati ya kuteleza na kukatika, na pana upana mdogo mno, na kila ujuzi mwingine wa kazi hii hutegemea kupatambua.

Brashi yenyewe inahitaji maelezo, kwa sababu haifanani na zile tunazozipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ina mpini mfupi kuliko kidole, na nywele ndefu zinazofikia kama sentimita tano, zilizokatwa mshazari hata zikafanana na upanga. Nywele zinazosifiwa zaidi ni za mkia wa kindi wa nchi za baridi, kwa kuwa ni laini na hubeba rangi nyingi tumboni mwake. Huko Marekani kiwanda cha brashi cha Mack, kilichoanzishwa mwaka 1891, bado kinazitengeneza. Urefu wa nywele una sababu mbili. Ya kwanza ni kubeba rangi ya kutosha kuvuta mstari mrefu bila kukatisha. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba nywele ndefu huburuzwa nyuma ya mkono, na katika kuburuzwa huko humeza mtetemeko wote mdogo, hivi kwamba kinachofika kwenye bati ni mwendo wa jumla tu wa mkono. Brashi fupi huandika kila mtetemeko.

Asiyepata brashi ya namna hiyo anaweza kuitengeneza. Mwalimu wangu alizipaka mafuta nywele za brashi ndefu ya kuandikia, akazilaza juu ya kioo, akazipunguza kwa wembe kutoka upande mmoja, nywele chache kwa kila mkato, hadi ikapatikana ncha kali na tumbo pana. Ni kazi ya uvumilivu, na ukikata kwa pupa brashi imeharibika moja kwa moja. Ndiyo maana utunzaji wake una taratibu zinazofuatwa bila mapumziko: kuiosha kwa tapentaini hadi kitako chake kisitoe rangi, kuipaka mafuta safi ya injini yasiyotumika, kuinyoosha kwa vidole ipate umbo lake, na kuilaza ndani ya kisanduku bila kuiegemeza kwenye ncha. Kabla ya kuitumia tena mafuta yote hutolewa kwa tapentaini. Nimewaona wazee wengine wakiinyoosha ncha kwa midomo. Jambo hilo lisiigwe hata kidogo, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na tina nayo si kitu cha kutia kinywani.

Rangi inayofaa ni ya mafuta yenye kung'aa. Haikauki upesi kama rangi za magari tunazopuliza, na uzito wake huiwezesha kujilaza yenyewe baada ya brashi kupita, alama za nywele zikapotea. Ndiyo jamii ileile ya rangi za kung'aa za baiskeli ambazo Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alizitumia kuchora wanyama wake juu ya hadibodi, na kila aliyeitazama michoro hiyo kwa karibu ameona jinsi mstari wa rangi hiyo unavyosimama na kingo zake bila kumwagika kwenye rangi ya jirani. Wenzetu wa Marekani wana rangi zilizotengenezwa mahususi kwa kazi ya maandishi, zenye unga mwingi wa rangi ndani yake, kwa hiyo mpito mmoja unatosha kufunika. Rangi ya mafuta ya kupakia milango, ambayo ndiyo tunayoipata kwa urahisi, ina unga mchache. Nyeupe yake juu ya tangi jeusi huonekana kijivu. Kwa sababu hiyo napendelea kuanza na mistari ya rangi nzito juu ya tangi la rangi nyepesi, mathalani maruni juu ya fedha au nyeusi juu ya nyekundu, na mteja akitaka nyeupe juu ya nyeusi namweleza mapema kwamba mstari utapitishwa tena baada ya ule wa kwanza kukauka.

Nirudi kwenye hali ya hewa, kwa sababu hapa ndipo maelekezo ya mbali yanapotuacha. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na tina hupaa haraka kuliko inavyopaa Dar es Salaam katika joto lilelile; lakini asubuhi za Juni na Julai joto halifanani kabisa, na baridi huifanya rangi kuwa nzito ikiwa bado ndani ya kopo. Nguvu hizo mbili hupingana mbele ya macho yako. Asubuhi rangi haitaki kutiririka, unaongeza tina, mstari unatoka vizuri, na ifikapo saa tano jua likishapanda, mchanganyiko uleule unakauka juu ya kadi kabla hujamaliza kuvuta upande wa kwanza wa tangi. Hakuna kipimo cha matone kinachoweza kudumu siku nzima. Ndiyo maana nimeacha kuchanganya rangi ndani ya kopo, na sasa kopo la rangi na kopo la tina hukaa mbalimbali, vikutane kwenye kadi tu, kidogokidogo, kwa kadiri ya saa na hewa iliyopo.

Kuna pia umande. Rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili: kwanza tina hupaa, kisha mafuta yaliyobaki hugandamana kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na hatua hii ya pili huchukua saa nyingi. Unyevu ukiishukia kabla haijagandamana, mng'ao wake hufifia na kubaki kama ukungu usiofutika. Anayefanya kazi hii Tukuyu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, anahitaji chumba kilichofungwa vizuri kuliko mimi. Na anayeifanya Makambako, mji unaojulikana kwa upepo wake, anahitaji kujikinga na vumbi kuliko sisi sote. Hapa kwetu miezi ya vumbi ni Agosti hadi Oktoba, nami huchora kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nikiwa nimemwagia sakafu maji. Jambo la hatari linalohusiana na baridi ni desturi yetu ya kukaa na jiko la mkaa kibandani. Tangi la pikipiki lina mvuke wa petroli hata likiwa tupu, na tina nayo hushika moto kwa mbali. Jiko likae nje kabisa, na tangi lifunguliwe kutoka kwenye pikipiki, limwagwe petroli na kupepewa kabla ya kuletwa mezani.

Maandalizi ya bati hayachoshi kuyaeleza kama yanavyochosha kuyafanya. Sabuni na maji kwanza, halafu kitambaa chenye kiyeyusho cha kuondoa grisi, halafu kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Adui ni silikoni iliyomo kwenye dawa za kung'arishia, ambazo vijana wa kuosha pikipiki huzipulizia kila mahali. Rangi huikimbia, na mstari hutoboka vishimo vidogo vya mviringo. Msasa sipitishi kwenye tangi lenye mng'ao, kwa kuwa mikwaruzo hubaki ikionekana pembeni mwa mstari.

Kisha unakuja mstari wenyewe. Brashi hushikwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na kidole kidogo hugusa bati na kuteleza juu yake ili kushikilia umbali. Unaweza kubandika tepu ya karatasi sambamba na mahali mstari utakapopita, si kwa kuchora ukiiegemea, bali kwa ajili ya kidole na jicho kuifuata. Ncha huguswa kwanza, kisha brashi hulazwa hadi upana unaotakiwa upatikane, kisha huvutwa kuelekea kwako. Upana hauongozwi na kitu kingine ila mkandamizo: ncha pekee hutoa mstari mwembamba, tumbo likilala mstari hunenepa, na kwa kuwa kila mabadiliko ya mkandamizo huonekana, mkono ukishatulia kwenye upana wake haubadilishwi hadi mwisho. Kifundo cha mkono hakikunjwi. Kinachosogea ni bega, kiuno na magoti, na kwenye mstari mrefu unatembea kabisa. Jicho nalo halitazami ncha ya brashi, bali hutangulia mbele mahali mstari unapokwenda, kama dereva wa bodaboda anayeingia kwenye kona za mlima akitazama mwisho wa kona badala ya tairi lake la mbele. Nilipolishika hilo, mistari yangu iliacha kuyumba.

Kona ndizo zinazohitaji mazoezi zaidi. Brashi inapokaribia mkunjo huinuliwa kidogo ili nywele chache tu ziguse bati, na mpini huzungushwa taratibu kati ya vidole kadiri mstari unavyogeuka, ili ncha iendelee kufuata nyuma ya tumbo. Mkunjo unaogeukia kushoto na ule unaogeukia kulia ni mazoezi mawili tofauti kwa mwili, na mtu anaweza kuwa hodari wa mmoja na mgeni wa mwingine. Mimi hufanyia mazoezi kwenye mlango wa friji mbovu, ambao una ubao mpana, laini na wenye rangi ngumu. Rangi ikiwa bado mbichi hufutwa kwa kitambaa chenye tapentaini na mlango ukawa mtupu tena. Sifa hiyo ya kufutika ni rehema kubwa ya rangi ya mafuta, na hutumika kwenye tangi la mteja vilevile, mradi rangi iliyo chini imekauka sawasawa na hutumii tina kali ya kupulizia, ambayo huiuma.

Mapambo yanayokutana katikati ya tangi yanadai pande mbili zilingane, na hapo mwalimu wangu alinifundisha njia ya waandika vibao ambayo sikuitarajia. Nusu ya pambo huchorwa kwenye karatasi nyepesi, karatasi hukunjwa katikati, na mstari wote hutobolewa kwa sindano kwenye mikunjo yote miwili kwa pamoja. Karatasi ikifunguliwa na kuwekwa juu ya tangi, hugongwagongwa kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa chaki, na unga hupita kwenye matundu ukaacha safu ya vidoto kwenye bati, kulia na kushoto vikilingana. Unachora juu ya vidoto hivyo, na rangi ikikauka chaki hupanguswa. Madereva wanaosimama kutazama hatua hiyo huwa kimya kwa muda, halafu wote huuliza kwa pamoja.

Suala la petroli lazima niliseme waziwazi, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama kazi hii itadumu mitaani kwetu. Bodaboda nyingi hujaziwa mafuta kwa haraka, na matone humwagika kuzunguka mfuniko. Rangi ya mafuta ambayo haijakomaa huyeyushwa na petroli, na hata iliyokomaa haiipendi. Njia ya kwanza ni kuiweka mistari mbali na mfuniko. Njia ya pili ni kuifunika kwa klia, yaani rangi angavu ya kinga inayopulizwa juu ya zote, lakini klia ikipulizwa kwa unene juu ya rangi ya mafuta huweza kuikunja, kwa hiyo wanaotaka klia huchanganya hadena, dawa ya kuigandisha rangi, kwenye rangi ya mstari tangu mwanzo au hutumia rangi ya urethani. Mimi nimechagua njia ya kwanza kwa pikipiki za kazi, na naiona inafaa: mstari unaofuata bega la tangi, chini kidogo ya mahali goti la dereva linapoishia, haufikiwi na petroli wala suruali.

Nimejisomea habari za waliofanya kazi hii kwingineko, na jambo moja limenigusa. Kenneth Howard wa California, aliyejulikana kama Von Dutch na aliyeishi kati ya mwaka 1929 na 1992, ndiye anayehesabiwa kuifufua mistari hii kwenye magari na pikipiki za Marekani katika miaka ya 1950, na baba yake alikuwa mwandika vibao. Mark Court, anayechora mistari ya ubavuni kwenye magari ya Rolls-Royce huko Goodwood, Uingereza, mistari yenye upana wa milimita 3 inayopita urefu wa gari, naye alitokea kwenye kazi ya kuchora vibao. Ujuzi huo ulikuwa tayari mikononi mwao; ulihamia tu kutoka ukutani kwenda kwenye bati. Sisi tunao watu hao. Wako Mwanjelwa, wako Tunduma, wako Iringa karibu na stendi ya zamani, wengine wameziweka brashi zao ndani ya makopo darini wakauza mitumba. Vijana wa bodaboda wana fedha za kununua stika kila zinapobanduka, na fedha hizohizo zinatosha kumlipa mzee wa brashi.

Kwa sasa mwalimu wangu na mimi tunagawana kazi: mimi napuliza rangi na kuchora mistari mirefu, yeye anaandika majina ubavuni. Ninachotafuta ni brashi za zamani za kuandikia, zenye nywele ndefu, hata zilizogandamana rangi, kwa kuwa nyingi hufufuka zikilowekwa kwenye tapentaini kwa siku kadhaa. Mwenye nazo Mafinga, Njombe, Vwawa au Tukuyu, au anayemfahamu mzee aliye nazo na bado anapenda kufundisha, aniandikie hapa chini, nami nitapanda basi nimfuate.